Mzigo wa Mkononi na Mzigo wa Stakabadhi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara

  Ninyi mliokaa chini ya mti, ninyi mliokaa shuleni, na wewe unayesoma ukurasa huu peke yako nyumbani baada ya kazi, nyote tunawasalimu.

Somo la leo linahusu safari ya melini. Huenda mmoja wenu akauliza: "Sisi watu wa Mugumu na Nyamongo tuna habari gani na meli? Sisi tuna ng'ombe na mashamba." Hilo ni swali zuri. Jibu lake ni kwamba wengi wetu husafiri kwenda Bukoba: wengine kwa biashara, wengine kwa masomo, wengine kwa harusi au msiba. Gari la Tarime na gari la Mugumu, yote mawili hupita Bunda na kwenda Mwanza. Kutoka Mwanza mtu anaweza kulizunguka ziwa kwa barabara, au anaweza kulivuka kwa meli katika usiku mmoja. Mwenye mizigo mingi mara nyingi huchagua meli. Akifika gatini hukutana na swali ambalo gari halikumfundisha kulijibu: mzigo huu niubebe mwenyewe mpaka ndani, au niukabidhi kwa karani?

Hilo ndilo somo letu. Ukilijibu vibaya unaweza kupoteza mali. Tena tutaona kwamba wakati mwingine watu hupoteza zaidi ya mali.

MANENO YA SOMO

Mwalimu wa darasa ayaandike ubaoni, nanyi myasome kwa sauti.

Gati: mahali ambapo meli husimama ili watu na mizigo wapande na kushuka.
Karani: mtu anayepima na kuandika mizigo.
Stakabadhi: karatasi inayothibitisha kwamba kitu chako kimepokewa.
Kuli: mtu anayebeba mizigo ya watu kwa malipo.
Sitaha: sakafu ya meli, hasa ile ya juu iliyo wazi.
Tani: uzito wa kilo 1,000, yaani magunia kumi ya kilo mia mia.

SEHEMU YA KWANZA: KUBEBA MWENYEWE

Tuanze na faida zake. Mzigo ulio mkononi mwako unauona. Ukitaka blanketi usiku, unalitoa. Mtoto akilia njaa, chakula kipo. Meli ikifika Bukoba asubuhi, unachukua begi lako na kushuka. Hungoji tumbo la meli lifunguliwe wala jina lako liitwe. Mwenye haraka, kwa mfano anayewahi mazishi au anayekwenda kufanya mtihani, hupata faida kubwa hapo.

Sasa tuangalie hasara. Ya kwanza ni ngazi. Ngazi ya kupandia meli ni nyembamba, watu ni wengi, na nyuma yako kuna wenzako wanaosukuma. Mtu mwenye ndoo mkono wa kulia, kiroba mkono wa kushoto na mtoto mgongoni hana mkono wa kujishikia. Akiteleza, atashika nini?

Hasara ya pili ni usingizi. Safari ni ya usiku. Huwezi kulinda vitu vitano mpaka asubuhi. Utasinzia, au utakwenda chooni. Ukirudi, ni nani atakayejibu kama kiroba kimoja hakipo? Hakuna. Mzigo wa mkononi hauna karatasi, na mlinzi wake ni wewe mwenyewe.

Hasara ya tatu ni njia. Magunia yakipangwa katika njia za kupitia na kwenye ngazi za ndani, siku ya hatari watu hawawezi kuyafikia makoti ya kuokolea maisha wala kutoka nje. Usiku wa kawaida gunia mlangoni ni kero tu. Usiku wa ajali linaweza kuua.

SEHEMU YA PILI: KUKABIDHI KWA KARANI

Njia ya pili ni kupeleka mzigo kwa karani kabla ya kupanda. Karani huupima kwa mizani, hukuambia malipo, huandika stakabadhi, na mzigo hupelekwa katika tumbo la meli, yaani chumba kikubwa cha chini. Wewe unapanda na begi dogo na mikono mitupu.

Tuseme wewe ni mama kutoka Nyamwaga. Unapeleka Bukoba magunia mawili ya ulezi na kiroba kimoja cha mahindi. Sikiliza mazungumzo haya.

KARANI: Shikamoo, mama.
MAMA: Marahaba, mwanangu. Nina mzigo wa Bukoba.
KARANI: Ni vitu vingapi, mama?
MAMA: Vitatu. Magunia mawili na kiroba kimoja.
KARANI: Haya, tuweke kwenye mizani. Jumla ni kilo 225. Hii hapa stakabadhi yako.
MAMA: Ngoja kidogo, mwanangu. Nisome kwanza.

Angalieni neno la mwisho la mama huyo. Hakuikunja karatasi na kuitia kwenye mkoba. Alisoma kwanza. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya mtu aliyesoma na mtu ambaye bado hajasoma. Nanyi sasa mko katika wale wanaosoma.

Je, asome nini? Huu ni mfano wa stakabadhi. Sura ya karatasi hutofautiana kati ya bandari na bandari, lakini mambo haya lazima uyatafute:

Jina la mwenye mzigo: (jina lako kamili)
Kutoka: Mwanza. Kwenda: Bukoba.
Aina ya mzigo: ulezi, magunia 2, mahindi, kiroba 1.
Idadi: 3.
Uzito: kilo 225.
Malipo: (fedha ulizotoa)
Tarehe. Saini. Muhuri.

Tazama idadi kuliko kitu kingine chochote. Kama umekabidhi vitu 3 na karatasi inasema 2, basi kwa karatasi hiyo kitu cha tatu hakipo duniani. Ukifika Bukoba ukadai vitatu, utaonyeshwa maandishi. Karani si lazima awe mwizi. Huenda amechoka, au foleni ni ndefu na kelele ni nyingi. Mwambie kwa adabu, palepale dirishani, arekebishe. Kosa linalorekebishwa kabla hujaondoka dirishani huchukua dakika moja. Likigunduliwa ng'ambo ya ziwa, linaweza kuchukua wiki nzima, na labda lisirekebishwe kabisa.

Halafu andika jina lako na neno BUKOBA juu ya kila gunia, kwa herufi kubwa. Ng'ombe wa Tarime huwekwa alama ili ajulikane katika zizi la watu wengi, na tumbo la meli nalo ni zizi la watu wengi. Magunia mia moja ya ulezi yote hufanana.

Faida ya alama tunaiona katika meli moja maarufu ya nchi yetu. Meli ya Liemba, ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Ujerumani mwaka 1913. Haikuweza kuelea mpaka Kigoma, kwa maana ziwa lile halina njia ya meli kutoka baharini. Basi ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na kupelekwa Kigoma kwa reli, ikaunganishwa tena na kuingizwa majini mwaka 1915. Hebu fikiri: masanduku 5,000! Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila maandishi yanayoonyesha kila sanduku lina nini na linakwenda wapi. Kama meli nzima iliweza kusafiri kwa njia hiyo, gunia lako la ulezi nalo litafika.

Lakini kukabidhi nako kuna hasara, nasi hatuzifichi. Kuna malipo. Inabidi ufike mapema, kwa maana mizigo hupokelewa kabla ya abiria kupanda. Ukishakabidhi, huwezi kufungua gunia katikati ya ziwa ukatoa sweta. Na mkifika ng'ambo, utangoja.

SEHEMU YA TATU: KWA NINI UZITO UANDIKWE?

Watu wengine husema: "Mizani ni njia ya kututoza fedha tu. Gunia moja litaifanya nini meli kubwa?" Tuchukue kalamu tupige hesabu.

Meli ya MV Victoria ilianza kazi katika ziwa letu mwaka 1961. Ilisimama mwaka 2014, ikafanyiwa ukarabati, ikarudi majini mwaka 2020 kwa jina la MV New Victoria. Baada ya ukarabati huo ilielezwa kuwa inachukua abiria 1,200 na mizigo tani 200.

Sasa tuseme kila abiria ameingia na kilo 30 ambazo hazikupimwa. Kwa mtu mmoja ni kidogo, kama kiroba tu. Lakini zidisha: 1,200 mara 30 ni 36,000. Kilo 36,000 ni tani 36. Hayo ni magunia 360 ya kilo mia mia, nayo yamepanda melini bila nahodha kujua. Ni karibu sehemu ya tano ya mzigo wote ambao meli imeruhusiwa kubeba.

Tena tazama mahali mzigo huo ulipo. Mzigo wa karani hukaa chini, tumboni. Mzigo wa mkononi hukaa juu, kwa abiria. Ninyi mnaokaa milimani Tarime mmeona lori lililopakiwa magunia mpaka juu likikata kona. Huyumba, na watu walioko njiani hukimbia. Lori lenye mzigo uleule uliolala chini hupita kona hiyo salama. Meli ni hivyo hivyo. Uzito wa chini huituliza, na uzito wa juu huifanya ilale upande. Mawimbi yakija, au watu wote wakikimbilia upande mmoja, chombo kilichojaa juu hushindwa kuinuka tena.

Mambo haya yametokea kwetu. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka asubuhi karibu na Mwanza, ikitoka Bukoba. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Yaani watu walipanda bila kuandikwa. Basi baada ya ajali ilikuwa vigumu hata kujua ni akina nani waliokuwa ndani.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika kisiwa cha Ukara, kikitoka Bugolora, Ukerewe. Ilikuwa siku ya gulio, na watu walikuwa wakirudi nyumbani na mizigo yao. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101 na mizigo tani 25. Waliokufa ni 228, na waliookolewa ni 41. Jumlisha: 228 na 41 ni 269. Toa 101. Wamebaki 168. Hao 168 ndio waliozidi. Na nahesabu watu tu. Mizigo yao sijaihesabu.

Ndugu wanafunzi, hatuyasemi haya ili kuwatia hofu. Meli nyingi huvuka kila juma na watu hufika salama. Tunayasema ili ujue kwamba mizani na orodha si adui zako. Nahodha hawezi kuijua hatari ambayo haikuandikwa.

Mataifa mengine nayo yalijifunza kwa uchungu. Uingereza, katika karne ya 19, wenye meli wengine walijaza vyombo kupita kiasi ili wapate faida, na mabaharia wakazama. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, aliupigania sana mpaka sheria ikatungwa mwaka 1876, kwamba meli ichorwe alama ubavuni kuonyesha mwisho wa kupakia. Alama hiyo ni duara lenye mstari unaopita katikati. Maji yakiufunika mstari, meli imezidi. Mwaka 1930 mataifa mengi yalikubaliana juu ya alama hizo. Siku ukisimama gatini, tazama ubavu wa meli uone kama utaiona. Hata maandishi hayo utakuwa umeyasoma.

SEHEMU YA NNE: UAMUZI

Sasa turudi kwenye swali letu. Nibebe mwenyewe au nikabidhi? Zamani, meli kubwa za baharini zilizochukua watu kati ya Ulaya na Afrika ya Mashariki ziligawa mizigo ya abiria kwa karatasi zilizobandikwa juu yake. Karatasi moja ilisema mzigo huu unatakiwa chumbani. Nyingine ilisema mzigo huu hautakiwi safarini, nao ulishushwa chini mpaka mwisho wa safari. Na siku hizi katika meli za watalii zinazotembea dunia nzima, usiku wa mwisho wa safari abiria huweka masanduku yenye lebo nje ya mlango, na wafanyakazi huyachukua. Anayetaka kushuka mapema hukaa na begi lake, kwa sharti kwamba aweze kulibeba mwenyewe.

Unaona, swali la mama wa Nyamwaga ni swali la dunia nzima. Jibu lake lina maswali matatu. Kishike kila kitu mkononi, mbele ya mlango wako, kabla hujaondoka nyumbani, ujiulize:

1. Je, nitakihitaji kabla ya asubuhi? Kama ndiyo, kaa nacho. Hapo zimo dawa zako, maji, chakula, blanketi na nguo za mtoto. Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu asitie dawa zake katika mzigo wa karani kamwe.

2. Je, kikipotea, fedha zitaweza kukirudisha? Kama haziwezi, kaa nacho. Hapo vimo vyeti vya shule, kitambulisho, hati ya shamba, picha ya marehemu baba, na stakabadhi yenyewe. Fedha zako nazo zikae mwilini.

3. Je, naweza kupanda nacho ngazi kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa mtupu? Kama siwezi, nikikabidhi kwa karani nitakuwa nimetenda jema.

Ulezi, mahindi, kitanda, baiskeli, mabati, hivi vyote ni vya karani. Petroli na vitu vinavyowaka moto usivifiche katika mzigo wowote. Uliza kwanza, nawe ukikatazwa, kubali.

Neno moja juu ya kuli. Kuli ni mtu wa kazi kama wewe, na kazi yake ni ngumu. Mkubaliane bei kabla hajainua mzigo.

MAMA: Mwanangu, ni shilingi ngapi mpaka kwa karani, vitu vitatu vyote?

Akishataja, mkipatana, nenda naye hatua kwa hatua. Usimtangulie, usibaki nyuma. Ukifika mbele ya karani, hesabu: kimoja, viwili, vitatu. Kisha mlipe.

Na mwisho, kabla hujasafiri, uliza ofisi ya meli siku za safari, saa ya kupokea mizigo na malipo ya kilo. Mambo hayo hubadilika. Usitegemee aliyesafiri mwaka juzi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mzigo wa mkononi una faida gani? Taja mbili.
2. Kwa nini mama alisoma stakabadhi kabla ya kuondoka dirishani?
3. Abiria 600 wakiingia kila mmoja na kilo 20 zisizopimwa, ni tani ngapi?
4. Mtu akisema, "Nimempa karani kitu kidogo asiandike gunia langu, nimeokoa fedha," mtamjibu nini? Jadilianeni, kila mmoja aseme.

KAZI YA NYUMBANI

Piga mistari miwili katika daftari lako. Juu ya mstari wa kwanza andika MKONONI. Juu ya mstari wa pili andika KARANI. Fikiri unakwenda Bukoba kesho kukaa mwezi mmoja. Panga vitu kumi. Halafu andika stakabadhi ya vitu vya karani, kwa jina lako, idadi na uzito, kama tulivyoonyesha. Mpe jirani yako aisome, atafute kosa.

Jibu la swali la tatu ni tani 12. Kama umepata hivyo, hongera. Kama hukupata, rudia kuzidisha polepole. Mwalimu yupo atakusaidia.

Ndugu wanafunzi, muda wetu umekwisha. Safari njema kwa wanaosafiri. Kwaherini mpaka somo lijalo.